Kucha Kumi za Mwana wa Mwami

Johannesburg, 9 Agosti 2015

Hénock, mtoto wa mtoto wangu,

Nakusalimia mara moja tu, maana sijui kama unastahili ya pili. Miye ni mzima. Goti linalia kwa baridi, sikio la kulia limekufa kabisa, lakini mdomo uko. Mama Benita wa chumba cha mbele amezaa tena, mtoto wa kiume, analia kama pastori kwenye kipaza sauti. Hapa Observatory upepo wa mlimani umeng'oa bati la jikoni, na mwenye nyumba anasema, "Kesho, kesho." Kesho yake haina jua.

Anayeandika ni Zuhura, yule fundi cherehani wa Tanga mwenye duka dogo Doornfontein. Nimemkataza kupamba. Ananiita "bibi." Nimemwambia kwetu bibi ni mke wa mtu, na miye si mke wake. Amecheka mpaka sindano imemwanguka.

Sasa tuongee. Uliniambia unaenda Cape Town kutafuta kazi ya ulinzi. Nikakukaangia mikate ya njiani. Tangu hapo kila dereva wa basi anayetoka Cape Town nimemshika shati: "Umemwona kijana mrefu, anatembea kama barabara ni ya baba yake?" Hakuna aliyekuona. Kumbe barua yako inatoka Ufaransa! Na inasema wewe ni askari. Askari wa nani? Wafaransa hawana watoto wao wa kutuma kufa?

Ile simu uliyoniachia walininyang'anya pale kwenye taa za robot nikingoja kuvuka. Usinitumie nyingine. Karatasi hakuna mwizi anayeitamani, na sikio bovu haliisumbui.

Najua kilichokutoa. Ni ile siku Turffontein, kwenye mbio za farasi, ulipokuwa unachunga magari ya matajiri na kizibao chako cha kung'aa. Yule bwana alikubana kidole gumba cha kushoto kwenye mlango wa gari, akakurushia sarafu, akaondoka. Nilikukanda kwa maji ya chumvi. Kucha ikadondoka, ikaota nyingine yenye mfereji katikati kama shamba la viazi. Hukulia. Ulisema tu, "Koko, baba yangu akipita watu walipiga magoti." Nikakujibu, "Baba yako alipita, na wakamuua."

Andika. Na useme kweli, hata kama ni chungu.

Koko wako.


Ufaransa, 2 Desemba 2015

Koko wangu mpenzi,

Shikamoo kutoka mbali. Niko mzima, nakula vizuri, nimenenepa shingo. Msalimie Mama Benita na pastori wake mdogo, na dada Zuhura umpe asante zangu.

Nisamehe Cape Town. Ningekuambia ukweli ungekaa mlangoni, na mimi sijui kuruka mwili wako.

Hili ni jeshi la wageni, Koko. Mnepali yuko, Mbrazili yuko, Mrusi yuko. Unatia sahihi ya miaka mitano na hakuna anayekuuliza baba yako ni nani. Siku ya kwanza wanakuvua nguo zako, na jina pia wanalivua. Mimi sasa naitwa André. Kwenye bahasha uandike André, vinginevyo barua haitanifikia.

Usikasirike. Baba alikuwa Mwami, alikalia kiti cha enzi cha Bukeremba akiwa na fimbo ya pembe mkononi, na waliokuja kumtoa walikuwa na bunduki. Mtu mwenye kiti lazima ajue kukilinda. Mimi najifunza hapa, kwa mshahara wa wengine. Miaka mitano ikiisha nakuja kukuchukua, tunapanda milima yetu pamoja, na weye utakaa mahali pa mama wa Mwami, siyo kwenye kreti ya bia sokoni Yeoville.

Mjukuu wako,
Hénock


Johannesburg, 20 Machi 2016

Hénock,

Amani ikukute ukiwa umevaa soksi. Kuku wa hapa wamepanda bei hata miguu yao. Benita ameanza shule. Namsalimia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kizulu, halafu tunaangaliana kama mbuzi wawili kwenye daraja. Goti ni lile lile.

Lile jina kwenye bahasha amelinakili Zuhura kutoka barua yako. Miye sikulitoa kinywani, na sitalitoa. Nilikubeba mgongoni kutoka Bukeremba mpaka Uvira, ukinikojolea, nimekuvalisha kigauni, nikiwaambia wenye bunduki njiani, "Ni msichana huyu, ni msichana." Sikukubeba hivyo ili Mfaransa aje kukubatiza.

Sikiliza habari. Baba yako mdogo, yule mwana wa mke mwenzangu aliyekalia kiti kwa bunduki za watu wengine, amekufa. (Zuhura anataka tuseme amefariki. Nasema amekufa.) Mwanawe Lambert ni mtu mzuri, mwalimu. Wazee wamemwita akae. Amewajibu: "Mwenye kiti ni Hénock, kama anaishi." Na unaishi. Kwa hiyo kiti kiko wazi, na unajua sheria yetu: mwenyewe akiwa hai, hakuna mwingine anayekaa. Koo mbili za upande wa bonde zimeanza kunyang'anyana malisho kwa sababu hakuna wa kuamua.

Huyo Mfaransa hawezi kukuachilia? Mwambie nyumbani kuna kazi.

Koko wako.


Mali, 16 Oktoba 2016

Koko,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kivulini mwa gari la chuma, na kivuli chenyewe kinachoma. Mchanga uko katika mkate, uko katika meno, uko katika ndoto. Lakini mwili mzima. Kamanda anasema nitapandishwa cheo.

Hawaniachilii, Koko. Nilitia sahihi. Anayekimbia hapa anaitwa mtoro, na mtoro hawezi kwenda kukalia kiti cha baba zake.

Juzi tuliingia kijiji kimoja kukagua. Mzee mmoja alitoka, kilemba cha buluu, mgongo umenyooka kama mwenge. Nilimjua mara moja. Watu kama yule wanafanana popote. Hakumwangalia Mfaransa aliyekuwa mbele, aliniangalia mimi. Akauliza neno, mkalimani akalitafsiri: "Huyu mweusi ni mwana wa nani, hata aje na bunduki kwenye nyua za watu?"

Mwenzangu Mbrazili akacheka. Ningemwambia nini? Mimi André, mwana wa hakuna mtu?

Waambie wazee wangoje.

H.


Johannesburg, 11 Mei 2017

Hénock,

Nakusalimia, nakusalimia, nakusalimia. Ziokote zote, maana nimekutumia barua mbili na zote umezimeza kimya. Krismasi ilipita. Pasaka ilipita. Zuhura akiniona naingia dukani anasema, "Bibi, hakuna," kabla sijauliza. Nimeacha kumkataza kuniita bibi.

Kama uko mzima na umenyamaza tu, nitakupiga. Kama hauko mzima, niambie, sitakupiga.

Mzee Ignace amekuja. Yule mnyweshaji wa baba yako, bado ana meno yale makubwa. Amesafiri kwa basi kupitia Lusaka, miguu imevimba kama mihogo. Amelala chumbani mwangu, miye nimelala kwa Mama Benita. Wazee wamemtuma kitu kimoja: kucha zako.

Weye ulikuwa mdogo, labda hujui. Mwana wa Mwami akiwa mbali, anatuma kucha za vidole vyake kumi vya mikono. Zinazikwa pale kiti kinapokaa, kati ya makaburi ya baba zake, na kuanzia siku hiyo anahesabiwa kwamba amekaa. Hata akichelewa, kiti kina mtu. Ugomvi unakatwa kwa jina lake. Kumi, siyo tisa. Mwami ni mtu mzima wa mwili. Kaka yake babu yako mkubwa walimkatalia kiti kwa sababu ya sikio lililoliwa na fisi.

Kata, funga kwenye kitambaa safi, za kulia peke yake na za kushoto peke yake, utume. Tia na picha. Nimesahau shingo yako ilivyonenepa.

Ignace anasema bondeni wameua watu wawili kwa ajili ya ng'ombe. Fanya upesi.

Koko wako anayekungoja.


Ufaransa, 30 Julai 2017

Koko,

Nisamehe. Nilipata malaria mbaya, wakanirudisha Ufaransa, nikalala hospitali muda mrefu. Sasa nafuu. Usiwe na wasiwasi.

Kucha hizi hapa, kumi. Vitambaa viwili kama ulivyosema. Mpe mzee Ignace, mwambie nimekubali kukaa. Picha nayo imo.

Mkono unachoka, naishia hapa.

Hénock


Johannesburg, 17 Septemba 2017

Hénock,

Mwezi huu miti ya jirani inaanza kuchanua na goti linafurahi. Mtoto wa Mama Benita anakimbia sasa, ameniangushia sufuria ya sombe, majani ya muhogo yote chini. Ignace amepata kazi ya kufagia kanisani wakati anangoja. Anafagia na fimbo yake ya heshima kwapani. Watu wanamcheka, yeye hajali.

Vitambaa vimefika. Nimevifungua peke yangu, mchana, mlangoni pa chumba, penye mwanga.

Picha nzuri. Umekonda. Umesimama vizuri. Mkono wa kushoto umeuweka nyuma, kama mtu anayeficha zawadi.

Nina maswali ya mwanamke mjinga ambaye hakuenda shule. Usinicheke.

Siku hizi viatu vyako unavifunga namna gani?

Nyama ikiwa ngumu, unaishika na nini unapoikata?

Na kucha za mkono wa kulia, mjukuu wangu, nani amekukatia?

Ignace kila jioni ananiuliza, "Mama, zimefika?" Namwambia posta ya nchi hii ni mbovu. Anaamini, maana ni kweli.

Koko wako.


Ufaransa, 10 Desemba 2017

Koko,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya mto, na wiki nyingi sikuweza kuigusa.

Siyo malaria. Gari letu lilikanyaga bomu njiani. Dereva alikufa, mvulana wa Kirusi aliyekuwa ananifundisha kuimba. Mimi nilitoka. Mkono wa kushoto haukutoka na mimi. Waliukata kwenye kifundo.

Kucha za kushoto ni za Mbrazili aliyelala kitanda cha jirani. Alinipa akicheka, akasema nimfanye naye mfalme. Za kulia ni zangu. Muuguzi alinikatia.

Umejua kwa kuikosa ile kucha ya mfereji, siyo? Niliukumbuka ule mfereji baada ya kufunga bahasha.

Sasa nakuomba kwa magoti, Koko. Mpe Ignace vile vitambaa. Zikizikwa nani atazifukua? Nitavaa joho refu, mkono utakaa ndani. Nimeacha kila kitu kwa ajili ya kile kiti. Nimeacha jina, nimekuacha weye kwenye baridi. Nimewapigania watu wasionijua katika nchi ya watu wasionitaka. Nikikosa kiti, basi vyote hivi nilivifanya kwa ajili ya nini? Niambie, nilivifanya kwa nini?

Hapa wananiambia nimemwaga damu kwa ajili yao, kwa hiyo naweza kuwa Mfaransa. Karatasi ziko tayari, zinangoja sahihi tu. Zimeandikwa André. Nikitia sahihi, Hénock hatakuwapo tena mahali popote duniani, isipokuwa kwako na pale kwenye kiti.

Usinifungie mlango wote.

Hénock


Johannesburg, 4 Machi 2018

Kwako André,

Ndiyo. Nimelisema. Zuhura ameacha kuandika, ananiangalia. Nimemwambia, "Andika, mama, andika."

Nakusalimia kama ninavyomsalimia mgeni aliyetoka mbali, kwa mikono yote miwili. Hapa kumekuwa na msiba, nitakueleza.

Nilikuwa na mjukuu anaitwa Hénock. Nilimkata kucha tangu siku ya kwanza, kwa meno, maana wembe ni hatari kwa kichanga. Najua ladha yake. Kilipofika kitambaa cha kushoto sikuhitaji hata mfereji. Niliweka ulimini nikatema. Nilikaa pale mlangoni mpaka Mama Benita akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Aliniomba nimpe Ignace zile kucha. Nilitaka. Mungu anajua nilivaa viatu, nikafika mpaka geti la kanisa. Nikamwona Ignace anafagia. Nikarudi.

Walio hai naweza kuwadanganya, nimewadanganya maisha yangu yote, hata wenye bunduki. Wafu siwadanganyi. Siwezi kuwatilia baba zake kucha za Mbrazili kitandani mwao, wamhesabu kuwa mwana wao. Na joho halifichi kitu: Mwami anapokea maziwa kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, asubuhi ya kwanza. Wangemwona. Mjukuu wangu wangemtoa kama walivyomtoa baba yake, na safari hii miye sina mgongo wa kumbeba.

Wiki iliyofuata habari ikaja: nyumba ya Lambert imechomwa. Yeye na watoto wako shuleni, wanalala juu ya madawati. Yote kwa sababu kiti kina mwenyewe anayeishi, na mwenyewe hawezi kukaa. Ningesema ukweli, kwamba amekatika mkono, kiti kingebaki kimefungwa mpaka siku atakapokufa, huko bondeni wakichinjana. Sheria yetu ni mbaya? Ni mbaya. Lakini haibadilishwi na bibi kizee akiwa Observatory.

Kwa hiyo nilimwita Ignace, nikamkalisha, nikamwambia: "Hénock amekufa vitani."

Alitoa sauti sijawahi kuisikia kwa mtu. Meno yale makubwa yote nje. Alilala chini akashika miguu yangu. Nami nililia, na sikuwa naigiza, mwanangu. Nilifikiri nitalia uongo, kumbe uongo ulitangulia mlangoni tu, kilio cha kweli kikaingia nyuma yake.

Nimenyoa nywele. Wamama wa kanisa walikuja na maturubai na unga, wakaimba usiku kucha. Zuhura alikaa jikoni na ushungi wake, akaosha sahani zote. Anajua kila kitu, na bado alilia. Zile kucha za kulia, za kweli, nimezizika mlimani juu ya nyumba, penye mawe, zikielekea kaskazini, kwetu. Zile za Mbrazili nimezichoma, kwa adabu, nikamshukuru.

Ignace amerudi na kitambaa cha nywele zangu kama ushahidi. Lambert atakaa. Watanyamaza.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu aliyezikwa haandikiwi barua. Jina lake silitaji tena, na mtu akilitaja mbele yangu nitainamisha kichwa. Hii ndiyo ya mwisho kwake. Tia sahihi hizo karatasi zao.

Lakini weye, André, sikukuzika. Sikujui, na wala hunijui. Kama siku moja mgeni wa jina hilo akipita Johannesburg, mlango wa kijani, kengele haifanyi kazi, apige kwa ngumi. Nitampikia sombe na bugali. Nitamkatia nyama. Sitamuuliza mwana wa nani.

Miye, mama wa marehemu baba yake Hénock.


Ufaransa, 25 Novemba 2018

Kwa Mama mheshimiwa,

Barua yako ilizunguka kambi nyingi kabla ya kunikuta. Hunijui. Naitwa André. Nilitumika jeshini pamoja na marehemu mjukuu wako.

Pokea pole zangu. Mimi ni mzima, karatasi nimetia sahihi, na viatu vyangu siku hizi ni vya kuchomeka mguu tu, havina kamba. Wamenipa kazi ya stoo.

Nilikuwa karibu naye mpaka mwisho. Ningependa kukuambia hakuumia, lakini najua hupendi kupambiwa. Aliumia. Kiti hakukitaja. Alichokuwa anauliza ni kama Koko wake amepata mtu wa kumkanda goti wakati wa baridi. Kuna mzee mmoja jangwani aliwahi kumuuliza ni mwana wa nani, akashindwa kujibu. Siku zile za mwisho alilipata jibu. Alisema ni mwana wa mwanamke aliyemvalisha kigauni ili asiuawe.

Amenieleza habari zako nyingi mno. Nadhani hata usiku nitaujua ule mlango.

Nina likizo mwezi wa nne mwakani, kabla ya Pasaka. Nikiruhusiwa nitakuja. Ningependa unionyeshe alipozikwa, niweke jiwe langu, halafu tushuke nyumbani tule.

Nina ombi moja, Mama, na kama ni kukosa adabu kwa mgeni, unisamehe. Yule muuguzi amehamishwa. Kucha za mkono wangu wa kulia zimekuwa ndefu, na sina mtu wa kunikatia.

André